Kuganda kwa Kompyuta na Kibodi: Historia Fupi ya Maradhi Mawili Yenye Jina Moja

Ndugu msomaji, katika juma la mitihani ya muhula uliopita idara yetu ilifikwa na mkasa ambao baadhi yenu mmekwisha kuusikia barazani, tena ukiwa umetiwa chumvi. Kompyuta mpakato ya ofisi ya mitihani, pamoja na kibodi yake isiyotumia waya, zilianza kuganda. Leo mara mbili, kesho mara tano, keshokutwa hata sentensi moja haikamiliki. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na maswali ya mitihani minne, ukiwemo ule wa Fasihi Simulizi uliotakiwa kufika kwa mpiga chapa kabla ya Ijumaa mchana.

Siku chache kabla ya hapo, msaidizi wa ofisi, kijana aliyehitimu hapa hapa kwetu, alikuwa ameleta diski ya nje yenye rekodi za mitihani ya mazungumzo, akaichomeka ubavuni mwa kompyuta. Kuganda kukaanza. Basi hapakuhitajika mwanasheria: tulikaa kikao, tukaafikiana kwamba kijana ametuletea virusi, na barua ya kumtaka ajieleze ikaandikwa. Iliandikwa kwa mkono, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imeganda.

Barua ile ilikuwa kosa letu. Tumeona tulieleze kosa hilo katika kurasa hizi kwa sababu chanzo chake kilikuwa neno moja la Kiswahili tulilolitumia bila kulichunguza, sisi ambao mshahara wetu unatokana na kuchunguza maneno. Na ili lieleweke, hatuna budi kurudi nyuma katika historia ya vyombo vyenyewe, maana kibodi na kompyuta havikuzaliwa pamoja, wala haviugui pamoja.

Fundi tuliyemwita ni mtu wa Busia, mpakani, na Kiswahili chake ni cha sokoni, chepesi na sahihi kwa namna yake. Alisimama mlangoni, akatusalimu, akauliza: "Walimu wangu, kilichoganda ni kipi? Kompyuta au kibodi?"

Tukajibu kwa sauti moja kwamba ni vyote.

"Vinaganda pamoja, wakati mmoja?"

Hapo kila mmoja akamtazama mwenziwe. Hakuna aliyekuwa ameangalia.

Katika Kiswahili cha asili, kuganda ni jambo la kimiminika kinachogeuka kuwa kigumu: maziwa huganda, damu huganda, mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi. Gari haligandi, hukwama matopeni. Mlango hunata. Wafanyakazi hugoma, na siku hizi injini nayo hugoma. Kompyuta ilipoingia maofisini mwetu tuliyachukua maneno haya yote na kuyamwaga juu yake bila mpango, kisha taratibu kuganda kukashinda, pengine kwa sababu kioo cha kompyuta kilichosimama kinafanana kweli na maji yaliyoshikwa na barafu. Hatulalamiki, hivyo ndivyo lugha inavyokua. Ila neno likishashinda huanza kufunika vitu. Kukwama kunadai pahali: ukisema gari limekwama, msikilizaji atauliza limekwama wapi. Kuganda hakudai pahali. Kimiminika huganda chote. Kwa hiyo tuliposema kompyuta imeganda, hatukuulizana imeganda wapi.

Zamani swali hilo lilijibiwa kwa macho. Mashine ya kuandikia ya Christopher Latham Sholes na wenzake wa mji wa Milwaukee, Marekani, ilipewa hataza mwaka 1868, na kampuni ya Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki na cherehani, ikaanza kuiuza mwaka 1874. Katika taipureta ya namna ile, kitufe na herufi vilikuwa mwili mmoja. Ukibonyeza kitufe, wenzo huvuta mkono wa chuma wenye herufi kichwani, nao hupiga karatasi. Ukibonyeza viwili kwa haraka, mikono miwili hupambana njiani na kushikana. Mashine imekwama, na mahali ilipokwama panaonekana. Unaingiza kidole, unatenganisha, unaendelea na kazi, kidole kikiwa na wino.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba herufi za kibodi zilipangwa hivi zilivyo, kwa kuanza na Q, W, E, R, T na Y, ili mikono inayotumika mfululizo ikae mbalimbali isipambane. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliipinga hadithi hiyo, wakaonyesha kwamba mpangilio ule ulikua hatua kwa hatua kutokana na mahitaji ya waendesha simu za telegrafu waliokuwa miongoni mwa watumiaji wa mwanzo. Mjadala haujafungwa. Lisilo na mjadala ni kwamba waliopanga hawakumfikiria Mswahili. Herufi tunayoitumia kuliko zote ni A, nayo imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu. Wakati Q na X, ambazo hatuna kazi nazo, zimepewa makao ya kudumu. Hata hivyo tunashukuru kwamba tahajia sanifu ya Kiswahili haina alama za juu wala za chini ya herufi, isipokuwa ile ya ng'. Wenzetu wa Luganda wana herufi yao maalumu ya sauti hiyo, na wachapaji wengi huikosa kwenye kibodi, wakaazima ng' yetu.

Turudi kwenye mada. Kompyuta ilipokuja, ule mwili mmoja ulipasuliwa. Kitufe hakiandiki tena chochote. Kinatuma taarifa tu, na anayeandika ni mwingine. Katika kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981, ambayo ndiyo babu wa nyingi za maofisini mwetu, kibodi ilikuwa na kichakataji chake kidogo, yaani ilikuwa kompyuta ndogo inayoongea na kompyuta kubwa kwa waya uliojisokota kama wa simu. Kila ulipobonyeza kitufe ilituma namba, na ulipokiachia ilituma namba nyingine. Tafadhali, msomaji, likumbuke hili la taarifa mbili, ya kubonyeza na ya kuachia, kwa maana lilikuja kutufaa.

Kwa mpasuko huo pakawa na pahali patatu pa kukwama: kwenye kibodi, njiani, au ndani ya kompyuta yenyewe. Na pote patatu mwandishi huona kitu kile kile, kwamba herufi haitokei. Mhandisi wa IBM aitwaye David Bradley aliweka katika mashine ile ule ufunguo wa vidole vitatu, Ctrl, Alt na Del, ili watengenezaji waweze kuiwasha upya bila kuzima umeme. Kwa watumiaji ukawa dawa ya kila ugonjwa. Lakini kipimo bora zaidi kilikuja na kibodi ya kompyuta ya AT ya mwaka 1984, kwani hapo mazungumzo yakawa ya pande mbili: kompyuta nayo ikaanza kuiambia kibodi cha kufanya. Taa ndogo ya Caps Lock haiwashwi na kidole chako. Kidole kinatuma taarifa, kompyuta inaipokea, inafikiri, kisha inarudisha amri ya kuwasha taa. Kwa hiyo ukibonyeza Caps Lock na taa ikawaka na kuzimika, ujue taarifa imekwenda na kurudi, na mashine ingali na uhai hata kama programu moja imesimama. Ni sawa na kumwita mgonjwa jina na kusikiliza kama ataitika. Tumetumia kompyuta kwa miaka mingi bila kujua kwamba taa ile ni chombo cha uganga.

Sasa waya wenyewe. Kampuni hiyo hiyo ya IBM ilitangaza mwezi Novemba 1983 kompyuta ndogo ya nyumbani na shuleni, PCjr, ambayo kibodi yake haikuwa na waya. Ilitumia betri 4 na kutuma taarifa kwa mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa jicho, ambao hadi leo hutumika kwenye rimoti za televisheni. Walimu mtaifurahia habari hii. Mwanga hauruki kona wala haupenyi mtu. Mtu akipita au kitabu kikisimamishwa kati ya kibodi na mashine, uandishi unakatika. Na kama darasani mlikuwa na mashine kadhaa za namna hiyo, kibodi ya mwanafunzi mmoja iliweza kusomwa na kompyuta ya jirani yake, kwani zote ziliongea lugha moja na hakuna iliyojua kibodi yake ni ipi. Kampuni iliuza waya kando, kwa waliotaka kuirudisha kibodi kifungoni. Vitufe vyenyewe vilichukiwa kiasi kwamba mwaka 1984 wateja walibadilishiwa kibodi bure, na Machi 1985 utengenezaji wa PCjr ukasitishwa.

Baada ya mwanga wakaja watu wa redio. Kipanya cha kwanza cha Logitech kilichotumia redio kilitoka mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata kibodi za redio zikaenea, nyingi zikitumia masafa ya megahezi 27. Redio hupenya kitabu, hupenya mtu, na hupenya ukuta. Faida yake ndiyo hasara yake. Mwaka 2002 magazeti ya Norway yaliandika habari za mkazi wa mji wa Stavanger ambaye maneno aliyoyachapa nyumbani kwake yalijitokeza kwenye kompyuta ya mtu mwingine, umbali wa mita 150 hivi. Fikirini mtihani wa Isimu Jamii ukijitokeza kwenye kompyuta ya bweni!

Hapo ndipo watengenezaji walipohamia masafa ya gigahezi 2.4. Masafa haya yana historia ya ajabu kidogo. Katika mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City mwaka 1947, yalitengwa kwa mashine za viwandani, za sayansi na za tiba, yaani mashine zinazotoa mawimbi kwa kazi nyingine isiyo mawasiliano. Oveni ya maikrowevu ndiyo mkazi wake maarufu. Ni kama kiwanja pembeni ya mji kilichoachwa kwa wahunzi wagonge watakavyo. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu vyombo vidogo vya mawasiliano kutumia kiwanja hicho bila leseni, kwa masharti kwamba vivumilie kelele vitakazozikuta. Kwa kuwa hapakuwa na kodi, wote wakahamia: intaneti isiyo na waya ambayo kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka 1997, Bluetooth iliyotolewa mwaka 1999 na kupewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, simu za mezani zisizo na waya, na kibodi zetu.

Kukaa katika kelele kunahitaji ujanja, na ujanja wa Bluetooth ni kuruka: hubadili masafa mara 1,600 kwa sekunde, katika njia 79, ili ikikuta kelele katika moja iwe imekwisha hamia nyingine. Wazo la kurukaruka masafa ni la zamani. Mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya kuongoza kombora la majini kwa redio inayoruka katika masafa 88, idadi ile ile ya vitufe vya piano. Jeshi la Marekani halikulitumia wakati huo. Lakini hatuwezi kupita kwenye historia ya kibodi bila kuitaja kibodi ya piano iliyoingia vitani.

Si kila kibodi hutumia Bluetooth. Nyingi, kama hii yetu, zina kipokezi chake chenyewe, kidude kisichozidi ukucha wa dole gumba, kinachochomekwa katika tundu la USB. Na hapa tunafika kwenye kiini cha kesi ya kijana wetu.

Tundu za USB zilisanifiwa mwaka 1996 na zilikuwa za mwendo wa pole. Novemba 2008 kilitolewa kiwango cha USB 3.0, chenye kasi mara kumi ya kilichotangulia, na tundu zake mara nyingi hupakwa rangi ya buluu kwa ndani. Diski za nje zikakipokea kwa furaha. Lakini waya unaopitisha taarifa kwa kasi ile hugeuka kuwa antena bila kukusudia. Aprili 2012 kampuni ya Intel ilichapisha waraka wa kiufundi unaoeleza kwamba vyombo vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio iliyosambaa, na kelele hiyo hufunika masafa ya gigahezi 2.4 hadi 2.5. Waraka ulitaja waziwazi vipanya na vyombo vingine visivyo na waya, kwamba huchelewa au huacha kuitika kipokezi chake kikiwa karibu na diski ya namna hiyo. Dawa zilizopendekezwa zilikuwa mbili: watengenezaji wafunike vyombo vyao vizuri zaidi kwa ngao ya chuma, na kipokezi kiwekwe mbali na kelele.

Diski aliyoileta kijana ilikuwa ya USB 3.0. Aliichomeka katika tundu lililokuwa wazi, na tundu hilo lilikuwa ubavuni kwa kipokezi cha kibodi, nafasi ya kidole kimoja kati yao. Kila diski ilipofanya kazi, kipokezi kilikuwa kama mtu anayesikiliza simu kando ya mashine ya kusaga. Wakati mwingine taarifa ya kubonyeza ilipotea, na herufi haikutokea. Wakati mwingine taarifa ya kubonyeza ilifika lakini ile ya kuachia ikapotea, na kompyuta ikaamini kwamba kidole kingali juu ya kitufe. Hivyo ndivyo tulivyopata, katika swali la pili la Fasihi Simulizi, neno "fananiiiiiiiiiiii", ambalo tulilichukua kuwa dalili ya wazi ya virusi.

Kwa hiyo ni kweli kwamba diski ilileta maradhi ya kibodi, na waliomshutumu kijana walikuwa na nusu ya ukweli. Nusu ya ukweli ilitosha kuandika barua. Haikutosha kutengeneza kompyuta.

Fundi alitutaka tufanye jambo moja tu kwa siku nzima: kila kinapoganda kitu, tusiguse chochote, kwanza tubonyeze Caps Lock kwenye kibodi ya kompyuta yenyewe, tusogeze mshale kwa kidole, kisha tuandike katika daftari tulichokiona. Kitendo hiki kilituchosha mno. Mwalimu mmoja alikiita kuhesabu nzi. Jioni daftari lilikuwa na matukio 14. Katika 9, kibodi isiyo na waya ilikuwa kimya, lakini taa ya Caps Lock iliwaka na mshale ulitembea: mashine ilikuwa nzima, ni kibodi iliyokuwa haisikiki. Katika 5 yaliyobaki, kila kitu kilisimama, hata mshale, na taa ndogo ya diski ya ndani ilibaki inawaka bila kupepesa, dakika moja, mbili, hata tatu. Na matukio hayo matano yalitokea wakati wa kufungua au kuhifadhi faili, hata pale diski ya nje ilipokuwa imechomolewa.

Hayo yalikuwa maradhi mengine kabisa. Yalikuwepo kabla ya kijana kuja. Tulipokumbuka vizuri, mmoja wetu alikiri kwamba tangu mwezi uliotangulia kompyuta ilikuwa "inafikiri sana".

Mashine kuganda yote ina historia yake. Katika Windows za mwanzo, hadi 3.1 ya mwaka 1992, programu zilipeana zamu kwa hiari; moja ikikataa kuachia zamu, nyingine zote zilikaa zikingoja, kama kikao chenye msemaji asiyeketi. Kuanzia miaka ya 1990 mifumo endeshi ilipewa mamlaka ya kumnyang'anya msemaji kipaza sauti, na kuganda kwa namna hiyo kukapungua sana. Lakini hakuna mfumo unaoweza kuilazimisha diski isome mahali palipoharibika. Diski ngumu ya kwanza, iliyotengenezwa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na uzito wa karibu tani moja, ikihifadhi herufi milioni 5 tu. Hii ya leo inakaa kiganjani, lakini ikiwa ni ya sahani, kazi ni ile ile: kichwa kinaelea juu ya sahani inayozunguka na kusoma alama za sumaku. Kikikuta mahali palipochoka, diski hujaribu tena, na tena, na tena, kabla ya kukubali kushindwa. Muda wote huo aliyeomba faili anasubiri, na wanaomsubiri yeye wanasubiri.

Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha utafiti wao juu ya diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la usomaji katika ukaguzi wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya diski isiyo na kosa kama hilo. Tafsiri yake kwa lugha ya idara: mgonjwa akianza kukohoa damu, usimtume sokoni.

Nasi tulimtuma sokoni. Kwa kuwa tulisadiki virusi, usiku mbili mfululizo tuliiacha kompyuta ikiendesha programu ya kusaka virusi, ambayo kazi yake ni kusoma kila faili, kila pembe ya diski, moja baada ya nyingine. Hakuna jambo lililoichosha diski ile kuliko matibabu yetu. Na katika usiku hizo mbili hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kunakili maswali ya mitihani mahali pengine, kwani tulihofu flashi zetu zingeambukizwa.

Fundi alipoliona daftari hakugusa kibodi. Alisema, "Kwanza tuokoe watoto, nyumba baadaye." Akanakili faili za mitihani kabla ya kupima chochote. Tatu zilitoka ndani ya dakika chache. Ya nne, ile ya Fasihi Simulizi, iliganda, na hapa tunalitumia neno hilo kwa kujua tulisemalo. Tulikaa tukiitazama taa ile isiyopepesa. Fundi alijaribu kwa njia nyingine mbili, saa nzima ikapita, kisha akainua mikono. Ukurasa wa kwanza ulisomeka. Uliobaki ulikuwa alama zisizo na maana. Kilichotuokoa ni kwamba mtunzi wa mtihani ule, mwalimu wetu mkongwe ambaye vijana humcheka kwa sababu hiyo, huandika kila kitu kwanza kwa kalamu. Aliletwa kwa bodaboda kutoka nyumbani na daftari lake. Maswali yalichapwa upya usiku huo, kwenye kompyuta ya kuazima, na aliyeyachapa ni yule kijana.

Baada ya hapo ndipo diski ilipopimwa. Tangu miaka ya 1990 diski nyingi hujiwekea kumbukumbu za afya yake, na zipo programu za bure za kuzisoma. Ya kwetu ilikuwa imekwisha kuandika maonyo kwa muda mrefu bila ya mtu kuyafungua. Ilitolewa, ikawekwa isiyo na sahani. Ugonjwa wa kibodi ulitibiwa kwa waya wa kurefushia wa mita moja, ambao bei yake haifiki nauli ya fundi. Ili kuwa na hakika, tulikirudisha kipokezi ubavuni mwa diski ya nje na kuanza kunakili rekodi: kibodi ikanyamaza. Tukakisogeza: ikasema. Tulirudia mara tatu mbele ya wajumbe wa kikao, kwani baadhi yao walikuwa bado na virusi vyao mioyoni.

Kwa walimu wa idara nyingine wanaoweza kukutwa na hali kama hii, tunaongeza mambo mawili tuliyojifunza pembeni. Betri dhaifu nayo huleta dalili za kibodi kutosikika, na ndiyo ya kuanza kubadili kwa kuwa ni rahisi. Pili, katika Windows kitufe cha Shift cha kulia kikishikiliwa kwa sekunde 8 mfumo huuliza kama uwashe hali ya kuchuja vitufe, na anayekubali bila kusoma hujikuta na kibodi inayopuuza mibonyezo ya haraka. Hili liliwahi kumpata mwenzetu aliyeegemeza kamusi juu ya kibodi yake.

Barua ilifutwa katika kikao kile kile kilichoiandika, na mwenyekiti alimwomba kijana radhi kwa niaba yetu sote. Alijibu kwa adabu, "Nimepoa, Mwalimu," na hakusema zaidi. Hatukumlaumu kwa kutosema zaidi. Fomu ya kuomba matengenezo ina mstari mpya usemao "Kimekwama wapi?", na neno kuganda limeondolewa humo, ingawa barazani linaendelea kutumika kama kawaida. Diski ya nje ingali juu ya meza ile ile, upande wa kushoto. Kipokezi cha kibodi kiko kulia, mwisho wa waya wake, kimebandikwa mezani kwa utepe ili mfagizi asikihamishe.